Presha ya Oili: Funzo Tulilolipata Msalato

Miongoni mwa geji zilizopangwa mbele ya dereva, ile ya oili ndiyo inayotazamwa mara chache kuliko zote. Geji ya mafuta hutazamwa kwa kuwa mafuta ni fedha. Ya mwendo hutazamwa kwa kuwaogopa askari wa usalama barabarani. Ya oili hukumbukwa siku mshale wake unapolala. Nasi, tunakiri, tulikuwa katika kundi hilo la wasahaulifu hadi Jumamosi moja ya kiangazi, tulipokuwa Msalato, mwendo wa kilomita kama 12 kaskazini ya mji wa Dodoma, katika barabara iendayo Kondoa, Babati na Arusha.

Tunalieleza jambo hili kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, ambao kila mwaka huvusha magari yao kwenda Bara kwa shughuli za kazi, biashara na jamaa. Wa pili ni maofisa wa Serikali wanaotia saini hati za matengenezo ya magari ya umma. Hao wote, wakati mmoja au mwingine, hufikiwa na kauli moja ya fundi: "Injini ina presha ndogo ya oili, lazima ifumuliwe tena." Kauli hiyo ni nzito, kwa kuwa huja baada ya injini kufumuliwa na kusukwa upya, wakati mfuko umekwisha kukauka. Tunachotaka kusema ni kwamba kauli hiyo isikubaliwe, wala isikataliwe, kabla ya kupimwa.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa lita mbili na robo. Injini ilikuwa imechoka, ikila oili na kutoa moshi wa buluu. Tukaipeleka katika gereji moja ya mjini Unguja. Silinda zilichongwa, kranki ikachongwa, zikatiwa pistoni, ringi na beringi mpya. Tulilipa akiba ya miezi mingi. Kwa majuma matatu gari lilikwenda na kurudi baina ya mjini, Mwera na Chwaka bila lawama yoyote, na mshale wa oili ukasimama katikati ya geji kama mlinzi mlangoni.

Baadaye tukalivusha kwa meli hadi Dar es Salaam, tukashika njia ya Chalinze, Morogoro na Gairo, safari ya kilomita zipatazo 450 hadi Dodoma. Tulipofika jioni mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Tukajiambia kwamba ni uchovu wa safari, kana kwamba chuma nacho huchoka na kupona kwa usingizi. Kesho yake, Jumamosi, tukaelekea Msalato kuutazama mnada wake mashuhuri, na ujenzi wa uwanja wa ndege ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022. Tulipopunguza mwendo karibu na mnada, mshale ulilala hadi jirani na sifuri. Tukazima injini papo hapo. Huo ndio uamuzi wa busara tulioufanya peke yetu siku ile. Mengine yote tulifunzwa.

Yapasa tueleze kwanza kwa nini kasoro hiyo ilijificha Unguja ikafichuka Dodoma. Kisiwa cha Unguja, toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, hakizidi sana kilomita 85, na safari nyingi za huko ni fupi. Injini huwashwa, hupata moto kidogo, kisha huzimwa. Oili iliyo baridi ni nzito. Hupita kwa shida katika matundu na nafasi ndogo, kwa hiyo presha huonekana nzuri hata pale ambapo pana uvujaji wa ndani. Safari ya kutwa nzima, yenye mzigo na miinuko hadi uwanda ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, huipasha oili hiyo moto kamili. Hapo inakuwa nyepesi, na tundu lolote lisilostahili kuwapo huanza kuihesabia injini makosa yake. Injini iliyosukwa upya visiwani haijafanyiwa mtihani mpaka ipate moto wa namna hiyo.

Pale mnadani hatukukosa washauri. Dereva mmoja wa lori alituambia tumwage oili yote na kutia nzito kuliko hiyo, mshale utapanda. Tukapiga simu kwa gereji iliyoisuka injini, nako tukajibiwa bila kusita kwamba beringi zimekwisha, gari lirudishwe, injini ifumuliwe, na kranki nyingine inunuliwe. Mtu yule alikuwa ng'ambo ya bahari, hajaona gari wala hajasikia sauti yake, lakini hukumu alikuwa nayo tayari.

Vijana wakatusaidia kulisukuma gari hadi kwenye banda la fundi mmoja mtu mzima, chini ya mti kando ya barabara. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukamjibu kwa shikamoo. Tulipomweleza hukumu ya gereji, alifuta mikono, akasema: "Wanangu, gari halijasema kwamba beringi zimekwisha. Ni geji iliyosema kwamba presha ni ndogo. Na geji nayo ni chombo, huweza kusema uongo. Kwanza tumwite shahidi wa pili."

Shahidi wa pili alikuwa geji ya mkono, yenye mpira mrefu na mshale unaosukumwa na oili yenyewe, bila waya wala umeme. Aliifungua sensa ya oili ubavuni mwa injini, akafunga geji yake mahali pale pale. Kitabu cha Land Rover hiyo kinasema kwamba injini ikiwa na moto, gari likienda maili 30 kwa saa katika gia ya juu, ambayo ni sawa na mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika, presha iwe baina ya ratili 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Fundi aliinua ekseli ya nyuma juu ya stendi za chuma, akazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, akaendesha kwa muda mfupi hadi mwendo huo. Geji ya mkono ikasoma ratili 18. Injini ilipoachwa ingurume polepole bila kukanyagwa mafuta, ikasoma ratili tano.

Hapo tulijifunza jambo la kwanza. Geji ya garini ilikuwa inatia chumvi, kwani waya wa sensa yake ulikuwa umeliwa na kutu ya hewa ya chumvi ya pwani, na ilikuwa ikionyesha karibu na sifuri pasipokuwa na sifuri. Hata hivyo kasoro nayo ilikuwa ya kweli, kwani ratili 18 si 35. Chombo kibovu na ugonjwa wa kweli vilikutana katika gari moja. Mtu angebadilisha sensa tu, angeendelea na safari akiwa na furaha ya bure. Mtu angeiamini geji ya garini peke yake, angedhani injini imekufa.

Ili msomaji aelewe hatua zilizofuata, tueleze presha hii ni kitu gani. Pampu ya oili haitengenezi presha. Inasukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapokuta kizuizi, yaani katika zile nafasi nyembamba baina ya kranki na beringi. Nafasi hizo ni finyu kuliko unene wa unywele. Nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayopita kwa presha ile ile huongezeka mara nane. Ndiyo maana tofauti ambayo jicho haliioni huweza kuulaza mshale. Lakini presha hupotea pia ikiwa pampu inavuta hewa, au ikiwa oili ina njia nyingine ya kutorokea kabla ya kufika kwenye beringi. Mshale mmoja, sababu nyingi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1883 mhandisi wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, akashangaa kuona oili inapanda na kutoka kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akaliziba kwa mti, nao ukasukumwa nje. Alipofunga geji alikuta presha inapita ratili 200 kwa inchi ya mraba, karibu mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kwamba shafti inayozunguka huiburuta oili hadi penye wembamba, na huko oili hujijengea nguvu ya kuubeba mzigo. Maana yake kwetu ni hii: geji ya gari haipimi utando huo unaobeba mzigo. Hupima tu kama oili inafika mlangoni. Ikisoma kidogo, imetuuliza swali juu ya njia ya oili, haijatoa jibu.

Mzee yule alilifuata swali hilo kwa utaratibu, akianza na lisilo na gharama na kumalizia na lenye gharama. Alivuta kijiti cha kupimia oili. Kiasi kilikuwa sawa. Akainusa na kuisugua baina ya vidole kuona kama imechanganyika na petroli, haikuwa imechanganyika. Akauliza ni oili ya namba gani, tukamwonyesha kopo, akakubali. Kisha akatuuliza mshale ulivyokuwa ukienda tangu mwanzo, nasi tukaona kumbe kumbukumbu ya dereva ni chombo cha kazi kama spana.

Alitufafanulia hivi. Ikiwa injini mpya haitoi presha kabisa tangu inapowashwa, shuku pampu isiyojazwa oili, bomba lililosahauliwa au kizibo cha njia ya oili kisichorudishwa baada ya kuosha injini. Ikiwa mshale unachezacheza, au unaanguka gari linapokata kona na kufunga breki, oili ni pungufu au pampu inavuta hewa. Ikiwa presha inakwama kiwango kimoja hata ukikanyaga mafuta, itazame valvu ya kupunguza presha. Ikiwa ni nzuri asubuhi na kuanguka injini inapopata moto, kuna uvujaji: huenda ni beringi, na huenda ni valvu ile ile isiyofunga sawasawa. "Hawa wawili wanafanana kama mapacha," alisema, "na mmoja ni ghali kuliko mwenziwe. Ndiyo maana watu humshika yeye kwanza."

Kisha akafungua bakuli la filta, akatoa karatasi yake, akaipasua kwa wembe na kuitandaza juani. Beringi zinapokwaruzwa huacha chembe zinazometameta. Chembe hizo hazikuwapo. Badala yake palikuwa na vipande vidogo vyekundu, laini kama mpira. Ilikuwa silikoni, ile gundi wanayopaka mafundi wanapofunga sampo. Aliyeifunga injini yetu alikuwa ameipaka kwa ukarimu, nayo ikafinyika kuelekea ndani na kukatikakatika katika oili.

Hapo ndipo alipoamua kuishusha sampo, kazi ambayo katika Land Rover hufanyika kwa kulala chini ya gari bila kuitoa injini. Wavu wa pampu ulikuwa umezibwa kwa sehemu na nyuzi nyekundu. Alipofungua valvu ya kupunguza presha, iliyo katika pampu yenyewe, alikuta kipande cha silikoni kisichozidi punje ya mchele kimekaa penye kiti cha valvu. Valvu haikufunga tena. Oili ikiwa baridi na nzito, ufa ule haukuwa na madhara makubwa. Ikiwa na moto, sehemu kubwa ya oili ilirudi kwenye sampo kabla ya kuiona kranki.

Tulifurahi, tukadhani kazi imekwisha. Mzee hakukubali. Alisema kwamba kosa moja lililoonekana halimwondolei shaka lile lisiloonekana, na kwa kuwa sampo iko chini, kupima beringi ni kazi ya nusu saa. Akatuuliza: "Kranki ilichongwa saizi gani?" Hatukujua. Tulilipia kazi hiyo, hatukuulizia kipimo, hatukudai hata beringi za zamani tuzione. Akafungua kifuniko kimoja cha beringi, akasoma nyuma yake tarakimu 010, yaani elfu kumi za inchi, takriban milimita 0.25 chini ya saizi ya kiwandani. Akalaza juu ya kranki uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi, akakaza kifuniko kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni pasipo kuizungusha kranki, akafungua tena na kulinganisha upana wa uzi uliobanjuka na kipimo chake. Ikawa sawa. Akafanya vivyo hivyo kwa kifuniko cha pili, kikawa sawa. Beringi zilizohukumiwa kwa simu zilikuwa hazina hatia.

Alisafisha wavu, pampu na valvu, akabadilisha mpira wa bomba la kuvutia oili, akafunga sampo kwa gasketi mpya na silikoni kidogo sana, akatia filta na oili mpya. Kabla ya kuiwasha alitoa plagi, akaizungusha injini kwa stata mpaka geji ya mkono ikapanda. Jioni, injini ikiwa na moto kamili, ilisoma ratili 45 kwa mwendo ule ule wa maili 30, na ratili 15 ikinguruma polepole. Gharama yote haikufika sehemu ya ishirini ya ile tuliyotajiwa kwa simu.

Je, kama tungefuata shauri la kutia oili nzito? Mshale ungepanda, hapana shaka, na kasoro ingebaki mahali pake, wavu ukiendelea kuziba hadi siku ambayo beringi zingekosa oili kabisa. Na kama tungeirudisha injini ifumuliwe na kranki inunuliwe? Huenda silikoni ingesafishwa bila mtu kuiona, presha ikarudi, nasi tukaamini hadi leo kwamba kranki mpya ndiyo iliyotuponya. Hasara ya namna hiyo ni mbaya zaidi kwa kuwa huja imevaa nguo za mafanikio.

Tunawaomba maofisa wa Serikali walitafakari hilo. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulianzishwa mwaka 2005 na miongoni mwa kazi zake ni kuyahudumia magari ya umma. Ziko pia karakana nyingine, za Bara na za Visiwani, zinazopokea kazi hizo. Hatumtuhumu yeyote. Tunapendekeza tu kwamba injini yoyote ya umma inayosukwa upya irudi na karatasi moja yenye mambo matano. Kwanza, saizi ya kranki na ya beringi zilizotiwa. Pili, nafasi iliyopimwa katika kila beringi. Tatu, presha ya oili kwa geji ya mkono, injini ikiwa baridi na ikiwa na moto kamili. Nne, aina ya oili na filta. Tano, hali ya filta ya kwanza ilipopasuliwa baada ya kilomita mia chache. Pamoja na karatasi hiyo zirudishwe spea zilizotolewa. Na pale fundi anapodai injini ifumuliwe mara ya pili, ofisa aulize swali moja kabla ya kutia saini: ni geji gani iliyopima, na ilisoma ngapi?

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunaongeza mawili. Sensa na waya katika magari yetu huishi katika hewa ya chumvi, kwa hiyo zisiaminiwe peke yake wala zisidharauliwe. Mshale ukilala, zima injini kwanza, kisha bishana na geji. Na gari lililosukwa injini lisivushwe kabla ya kuendeshwa kutwa nzima, kwenda Nungwi na kurudi, kisha Makunduchi na kurudi, bila kulipumzisha, na presha ipimwe jioni ile ile lingali moto. Kasoro ikidhihirika Mkokotoni, mtu yuko karibu na nyumbani kwake na karibu na fundi aliyemlipa. Ikidhihirika katika mlima wa Gairo usiku, habari ni nyingine.

Vyuo vyetu vya ufundi, VETA kwa upande wa Bara na Chuo cha Karume kwa upande wa Zanzibar, vinawafundisha vijana kufungua na kufunga injini. Tungependa kila kijana anayetoka huko awe na geji ya mkono katika sanduku lake la spana, na tabia ya kuitumia kabla ya kutoa hukumu. Mzee wa Msalato hana karakana ya kuta nne. Ana geji, kitabu cha zamani kilichopauka, na daftari la shule alimoandika presha ya injini yetu kabla na baada ya kazi, kisha akatuchania nakala.

Tulirudi Unguja kwa njia ile ile. Nakala hiyo tuliipeleka gerejini, tukawekewa kiti, ikasomwa mara mbili. Hatukudai fidia. Tuliomba tu kwamba injini itakayofuata, ya yeyote yule, ifungwe kwa silikoni kidogo na ikabidhiwe ikiwa imeandikwa vipimo vyake. Tumeahidiwa. Nasi tutapita tena kuulizia.